Biskuti za Idi Haziharibiwi na Siku

Idi ya mwaka 2024 ilituangukia tarehe 10 Aprili, masika yamekolea. Usiku ulipotangazwa mwezi nilifungua ndoo ya plastiki niliyoijaza nankatai siku tatu kabla, nikazikuta zimelegea kama mkate uliochovywa chai. Kifuniko kwa ndani kimejaa matone ya maji. Shangazi, aliyekuja kunisaidia kupanga sahani za majirani, akachungulia, akaguna. "Mwanangu, si nilikwambia? Biskuti hupikwa mkesha."

Nikanyamaza, maana mkubwa hajibiwi na ushahidi uko mkononi mwake. Lakini siku tatu hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu: nilizitia ndooni zikiwa bado na joto, mvuke ukapanda mpaka kwenye kifuniko, ukageuka maji, ukazirudia biskuti zenyewe. Tangu hapo nimekuwa nikiyapima moja moja maneno tunayorithishana jikoni kuhusu biskuti za sikukuu, hasa zile za kupelekea watu.

La kwanza ni hilo hilo la shangazi, kwamba biskuti ya mapema ni biskuti iliyochacha. Chakula huoza kwa sababu bakteria na ukungu wamepata maji ya kuishi. Nankatai iliyookwa ikakauka haina maji ya kuwatosha. Ikikaa kwenye mkebe uliobana vizuri, mahali pasipo jua wala joto la jiko, wiki mbili hadi tatu inafika bila shida, na mimi naona iliki hukolea zaidi baada ya siku mbili tatu kuliko siku ile ile ya kupikwa. Wengine husema, "Lakini zina mayai." Yai lililookwa ndani ya biskuti kavu si yai la kuchemsha lililoachwa mezani. La kuogopa ni krimu au kastadi katikati ya biskuti mbili. Hizo zina maji tele, hazifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, kwa hiyo zisiwemo kabisa kwenye sahani ya kuzungushwa mtaani.

Na tukisema kweli, kungoja mkesha ni kujitafutia taabu. Mwezi haumletei mtu barua. Jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani hujui kama kesho ni Idi au ni funga ya 30, na wewe umesimama na kilo mbili za unga, watoto wanataka nguo zipigwe pasi, na umeme una tabia zake.

Adui wa biskuti ni hewa ya pwani. Sukari inavuta unyevu, na biskuti ni sukari na unga uliokaushwa, kwa hiyo ukiiacha wazi inakunywa hewa mpaka inalegea. Hapo huja dhana nyingine: ikilainika imeharibika, wape kuku. Haijaharibika, imenywa maji tu. Nankatai zangu zile nilizipanga kwenye trei, nikazirudisha kwenye oveni kwa joto la nyuzi 150 dakika sita hivi, nikaziacha zipoe kabisa juu ya wavu. Saa nne usiku shangazi alivunja moja, ikalia *kach*. Hakusema kitu, akachukua ya pili.

Basi, mtu atasema, zitiwe friji. Watu wengi hufanya hivyo na ndipo zinapoharibika kweli. Biskuti ya baridi ukiitoa kwenye hewa ya joto, maji yanatua juu yake kama yanavyotua kwenye chupa ya soda, tena inakuwa imekwisha kushika harufu ya samaki na vitunguu vya humo ndani. Friji ina kazi, ila kabla ya kuoka. Jikoni kwetu alasiri samli inakaribia kuwa mafuta ya maji. Ukitengeneza biskuti kwa samli iliyolegea namna hiyo, zikiingia motoni zinatandazika na kushikana, unatoa chapati moja kubwa. Donge likikaa kwenye friji nusu saa linashika umbo. Na kama una friza, viringisha donge, lifunge vizuri lisiguse hewa, linakaa hadi miezi mitatu. Mimi hufanya hivyo mwezi wa Shaabani, kabla tumbo halijaanza kunguruma saa tisa mchana. Angalizo moja: watoto wasilambe bakuli. Tunahofia yai bichi, tunasahau kwamba unga wa ngano nao ni kitu kibichi kutoka shambani, unaweza kubeba vijidudu vya kuumiza tumbo.

Sasa samli. Hapa nitakaa kidogo, maana kuna imani kwamba samli, siagi na majarini vyote ni mafuta, tia kilichopo. Siagi ya maziwa ina mafuta asilimia 80 hivi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Samli ni siagi iliyochemshwa mpaka maji yakaisha, ni mafuta karibu matupu. Majarini nazo zinatofautiana: zile laini za kupaka mkate mara nyingi zina maji mengi zaidi kuliko siagi. Kwenye keki huenda usione tofauti. Kwenye nankatai utaiona, kwa sababu maji yakikutana na unga wa ngano, ukakanda, unga unapata mvuto, ule ule tunaoutaka kwenye chapati. Biskuti inatoka ngumu ya kutafuna. Samli inaupaka unga mafuta kabla maji hayajaufikia, ndiyo maana nankatai ya samli hupukutika ulimini. Kipimo changu ni vikombe viwili vya unga, kikombe kimoja cha samli iliyoganda, kikombe kimoja kasorobo cha sukari ya unga, iliki na kijiko kidogo cha beking pauda. Nguvu zako zote zimalizie kwenye kupiga samli na sukari mpaka iwe nyeupe kama povu. Unga ukishaingia, changanya tu mpaka ushikane, basi. Anayekuambia "kanda sana ndipo zilainike" anakupa somo la maandazi.

Vileja ni habari nyingine. Unga wake ni wa mchele, ambao hauna mvuto wowote hata ukikanda mpaka adhuhuri. Ndiyo raha yake na ndiyo udhaifu wake: hupasuka na kuvunjika kwa kutazamwa. Kwa hiyo vileja ni zawadi ya jirani wa ukuta mmoja. Kama kopo linapanda boti kwenda Dar es Salaam, au linaingia sandukuni mwa mtu anayerudi Muscat, tia nankatai, zipange mbili mbili zikilaliana migongo, jaza nafasi zote kwa karatasi safi zisipate pa kuchezea. Nasema karatasi safi kwa makusudi. Gazeti lina wino, na wino unahamia kwenye samli.

Kuna wanaongoja biskuti iwe ngumu ndani ya oveni ndipo waitoe. Watangoja mpaka iungue. Biskuti ya samli hutoka motoni laini, kinachoikaza ni kupoa. Kileja hakitakiwi hata kubadilika rangi juu; inua kimoja utazame chini, ukiona wekundu mdogo wa pembeni, toa. Na asiye na oveni asidhani hayumo. Bibi zetu walioka kwa sufuria, makaa machache chini na mengi yamepaliwa juu ya kifuniko. Chini pakizidi moto unapata biskuti yenye tako jeusi, nimezila sana utotoni.

Kopo moja kwa aina zote? Hapana. Laini na kavu zikilala pamoja, unyevu unahama kutoka kwa laini kwenda kwa kavu, asubuhi zote zinafanana. Zenye jamu zikae kwake, za iliki zikae kwake. Zenye karanga na korosho zikae mbali zaidi, kwa sababu mbili. Mafuta ya karanga hayavumilii joto na mwanga, baada ya wiki chache yanaanza kunuka mafuta ya zamani, kwa hiyo zioke mwisho. Ya pili ni nzito kuliko ukavu wa biskuti. Tumezoea kusema "karanga kidogo haimdhuru mtu." Kwa mwenye mzio, kidogo hicho kinaweza kumfunga pumzi, na sahani ya Idi huliwa na mgeni usiyemjua. Mtoto unayemtuma na sahani mfundishe kusema, "Mama anakusalimu, na zenye alama nyekundu zina karanga." Mimi hutia nukta ya rangi kwa kijiti.

Kashata ya nazi mbichi usiihesabu kwenye vya mapema, nazi bado ina maji yake, ndani ya siku chache inabadilika harufu. Visheti vinakaa, mradi shira imeganda na kukauka juu kabla hujavifunika.

Kwenye kaimati shangazi ananishinda na namwachia. Ngozi ya kaimati ni kavu kwa muda mfupi tu, kati kuna unyevu, nje kuna shira, na hakuna mkebe wala friza itakayoituliza. Kaimati inangoja asubuhi yenyewe, mafuta yawe jikoni na watu wakirudi kuswali. Mwaka uliofuata aliniachia biskuti zote nizioke wiki mbili kabla, akaja alfajiri ya Idi na bakuli lake la unga uliokwisha kuumuka, akanisukuma kando ya jiko.