Usiniulize mlima una urefu gani, niulize pa kushukia

Anayenitafuta kwa safari ya miguu ya milima mirefu huanza na swali lile lile: pa juu kabisa ni mita ngapi? Simlaumu. Ndiyo namba inayochapwa kwa herufi kubwa kwenye vipeperushi, na ndiyo atakayowasimulia watu akirudi. Mimi kabla ya kuwa mwongozaji nilikuwa tabibu, na huenda ndiyo sababu namba hiyo huitazama mwisho. Cha kwanza ninachotafuta kwenye ramani ni pa kushukia.

Chukua mfano wa Kilimanjaro. Uhuru ni mita 5,895. Sasa linganisha na njia ya Snowman, kaskazini mwa Bhutan, ambayo watembezi wengi huitaja miongoni mwa safari ngumu kuliko zote duniani. Katika majuma yake matatu na zaidi hufiki hata mara moja kimo cha Uhuru. Rinchen Zoe La, kilango chake cha juu kabisa, ni kama mita 5,320. (Kilango nakiita pale pa chini kidogo katikati ya vilele, ambapo njia hupenya kuvuka ukuta wa milima. Mabaharia wana vilango vyao, nasi tuna vyetu.) Kwa hesabu ya kipeperushi, basi, Kilimanjaro ndiyo ngumu zaidi.

Lakini mtu akizidiwa saa sita za usiku kambi ya Barafu, mita 4,673, wagumu, yaani wapagazi, wanaweka machela mabegani na wanaanza kuteremka. Kabla ya jua kupanda yuko Mweka, kwenye mita 3,100, na mara nyingi anaomba chai. Hakuna cha kuvuka. Mlima uliosimama peke yake una mteremko kila upande, geuka utakako ni kushuka. Lunana, bonde ambalo njia ya Snowman hupita, si hivyo. Kule kijiji cha Thanza kiko kwenye mita 4,100 hivi, kimezungukwa na kuta, na njia zote mbili za kumalizia safari, ya kusini na ya mashariki, hupita kwenye vilango vya zaidi ya mita 5,000. Kutoka ni lazima kwanza upande. Mgonjwa wa mwinuko umwambie apande mita elfu moja ndipo aanze kushuka! Hapo ndipo ugumu wa safari za mbali ulipo. Mapafu na miguu vinafuata.

Nieleze kwa nini kushuka ni jambo kubwa kiasi hiki, maana wapo wanaodhani ni uoga wa waongozaji. Hewa ya mlimani ina oksijeni kwa uwiano ule ule wa pwani, takriban asilimia 21. Kinachopungua ni shinikizo linaloisukuma oksijeni hiyo kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Ukifika kama mita 5,500, shinikizo la hewa limebaki nusu ya lile la usawa wa bahari. Mwili hujibu kwanza kwa kupumua kwa kasi. Kupumua kwa kasi hutoa kabonidioksaidi nyingi, damu inaegemea upande wa alkali, na ubongo unakataza: punguza pumzi. Ndiyo maana usiku hemani unamsikia mwenzako anapumua mara tano sita kwa nguvu, kisha kimya kabisa, mpaka unataka kumtikisa, halafu anashtuka na kuvuta hewa kama aliyetoka majini. Mara ya kwanza inatisha. Ni kawaida, mwache alale. Figo ndizo zinazomaliza ubishi huo kwa kutoa baikabonati, yaani ile alkali iliyozidi, kwenye mkojo, na figo hazina haraka, zinahitaji siku kadhaa. Damu mpya nayo inahitaji majuma. Hakuna mazoezi ya nyumbani yanayoziharakisha figo. Mkimbiaji wa marathoni na babu mwenye kitambi wanasubiri foleni moja.

Kutokana na hayo ndipo ilipotoka kanuni tunayoishi nayo: ukishavuka mita 3,000, kimo cha mahali unapolala kisipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika. Zingatia neno kulala. Mchana unaweza kupanda utakavyo, ilimradi jioni urudi chini. Mwili hupimwa usiku.

Ukiikiuka, kuna ugonjwa wa kawaida wa mwinuko: kichwa kinauma, chakula hakipiti, uchovu, kizunguzungu. Kwa kawaida huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika kimo kipya. Zamani kukosa usingizi kulihesabiwa katika dalili. Wataalamu walipourekebisha mwaka 2018 ule mfumo wa alama za Lake Louise, wa kupimia ugonjwa huu, waliiondoa dalili hiyo, na nilifurahi, kwa sababu mlimani kila mtu hulala vibaya. Ugonjwa huu wa kawaida unatibika kwa kukaa pale pale na kusubiri. Ndugu zake wawili ndio wanaoua. Mmoja hujaza mapafu maji: mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo inageuka rangi, na mwishoni povu lenye wekundu. Mwingine huvimbisha ubongo, na huyu ni mjanja, kwa sababu anaanza kwa kumwibia mgonjwa ile akili ambayo ingemwambia kwamba anaumwa.

Huyu wa ubongo nilimwona kwa karibu katika bonde moja la Himalaya, bonde lililofungwa na vilango viwili. Katika kundi tulikuwa na bwana mmoja wa miaka hamsini na kitu, mwenye pumzi kuliko sisi sote. Kila siku yeye ndiye wa kwanza kufika kambini. Jioni hiyo nilipita mbele ya hema lake nikamkuta ameinama juu ya kiatu. Nilikwenda kuchukua maji ya moto, nikarudi, bado ameinama. Kamba moja ya kiatu ilikuwa mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, naye anazitazama kama mtu aliyepewa barua kwa lugha asiyoijua.

Nilitandika kamba ya hema chini, nikamwambia aitembee, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu mguu ukaenda pembeni, akaangukia bega langu, akacheka. Mke wake naye akacheka. Mimi moyo ulinipasuka paa. Nilipombana akakiri kwamba kichwa kilikuwa kinamuuma kwa siku mbili, akawa anameza vidonge vya maumivu kimyakimya asije akatuchelewesha. Hili la kuficha naliona mara nyingi zaidi kwa wenye nguvu kuliko kwa wanyonge. Mnyonge halalamiki bure, na hana sifa ya kulinda.

Tulikuwa mita 4,200. Kilango tulichovuka jana yake kilikuwa mita 600 juu yetu, kilicho mbele kilikuwa juu zaidi, na mawingu yalikuwa yameketi juu ya vyote viwili. Tulimpa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, miligramu 8, kisha 4 kila baada ya saa sita. Tulimvalisha oksijeni. Halafu tukatandaza mfuko wa shinikizo.

Mfuko huu, kwa asiyeujua, ni kama begi kubwa la kulalia lisilopitisha hewa, lenye kidirisha cha plastiki na pampu ya mguu. Kifaa hiki kilibuniwa na Igor Gamow wa Chuo Kikuu cha Colorado. Unamlaza mgonjwa ndani, unafunga zipu, unajaza hewa, na mwili wake unadanganyika kwamba umeteremshwa mita elfu moja na nusu au zaidi. Vipeperushi haviandiki kwamba lazima mtu aendelee kupampu bila kukoma, la sivyo mgonjwa anavuta hewa chafu aliyoitoa mwenyewe. Tulipokezana, mimi, mpishi na vijana wawili wa mayaki, wale ng'ombe wa manyoya wanaotubebea mizigo, tangu saa tatu usiku hadi alfajiri. Unakanyaga, unahesabu, unamulika kidirisha uone kama macho yanakutazama. Kila baada ya saa moja tunamtoa ajisaidie na nimpime tena kwenye kamba. Goti langu la kulia halijasahau.

Mfuko ni mkopo, wala si dawa. Ukimtoa, saa chache baadaye deni linarudi. Kwa hiyo kulipokucha tulifanya kitu pekee kilichobaki: tulimshusha ndani ya bonde lenyewe, kufuata mto, hadi palipokuwa pa chini kabisa panapokanyagika, kama mita 400 chini ya kambi. Mita 400 si nyingi, ila mara nyingi ndizo zinazogeuza mambo, nazo zilitosha.

Utauliza, kama kuna mto, kwa nini msiufuate hadi nje? Hilo ndilo kosa la msomaji wa ramani mgeni. Maji hutoka popote, hata kwenye ufa wa mwamba ambao mbuzi hawezi kusimama. Tarehe 7 Oktoba 1994 ziwa la barafu la Luggye Tsho huko Lunana lilipasuka, na mafuriko yakateremka hadi bonde la Punakha yakaua watu 21. Maji yalipita bila kupanda popote, wakati mtembezi anayetoka Lunana lazima apande vilango. Mistari ya kontua, ile inayoonyesha kimo kwenye ramani, ikibanana pande zote mbili za mto, mimi nahesabu hapo kuna ukuta.

Tangu mwaka wa yule bwana wa kamba za viatu, jedwali la kila safari naliongezea safu moja. Kila kambi naiandikia: kutoka hapa kushuka mita 1,000 ni saa ngapi, na je, lazima nipande kwanza? Jibu likiwa lazima, naandika F, yaani pamefungwa. Ukiipitisha Snowman kwenye jedwali hilo inakupa sura nyingine kabisa. Ramani hutofautiana kwa makumi ya mita, lakini Rodufu ni kama mita 4,160 na kambi inayofuata, Narethang, ni 4,900. Umeruka mita 740 kwa usiku mmoja, kinyume cha kanuni. Wengi huiogopa Narethang kwa baridi na kwa hiyo namba. Mimi naiogopa kwa sababu ndiyo kambi ya mwisho ambayo mgonjwa bado anaweza kurudishwa kijiji cha Laya, mita 3,800. Kesho yake unavuka kilango cha Gangla Karchung La, mita 5,120, unateremka hadi Tarina chini ya 4,000, unalala vizuri, unajisikia mzima kabisa, na tayari uko ndani ya F. Kwa hiyo uamuzi wa nani aendelee ufanyike Narethang, asubuhi, kwenye baridi ile, watu wote wakiwa wamechoka na hakuna anayetaka kusikia neno kurudi. Kichwa kikimuuma mtu pale, hata kidogo, kwangu haendi. Nimeshagombana na watu waliolipa pesa nyingi. Wengine hawasemi nami mpaka leo.

Dawa za kuzuia zipo. Asetazolamaidi, miligramu 125 asubuhi na jioni, huzisaidia figo kufanya ile kazi yao mapema. Sina ubishi nayo kwa wasio na mzio na baada ya kuonana na daktari. Oksimita ya kidoleni, kile kipimo cha oksijeni kwenye damu, pia ninayo, lakini nimeacha kuwaonyesha wateja namba. Waligeuza chakula cha jioni kuwa mashindano.

Hali ya hewa inafunga milango vile vile. Oktoba ndio mwezi unaopendwa Himalaya, mvua za monsuni zikiwa zimeisha na anga safi. Tarehe 14 Oktoba 2014 mabaki ya kimbunga Hudhud yalimwaga theluji juu ya milima ya Annapurna, Nepal, wakati watu wakiwa njiani kuvuka kilango cha Thorong La, mita 5,416. Zaidi ya watu 40 walikufa katika eneo hilo. Kimbunga kilikuwa kimetua pwani ya India siku mbili kabla. Siku mbili ni nyingi kwa mwenye simu ya setilaiti na mtu wa kumpigia. Ndiyo maana nikifika kambi ya kabla ya kilango nasubiri ujumbe wa jioni kwanza, hata kama anga halina doa.

Na helikopta? Ipo, siku ikiwepo. Hewa nyembamba inayomsumbua mtu inazisumbua pia pangaboi zake, na rubani hapiti kwenye kilango asichokiona. Yule bwana ilimchukua siku ya tatu, mawingu yalipofunguka kwa kama dakika arobaini. Alikwishaanza kufunga kamba za viatu mwenyewe, polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Rubani alitazama kimo, akatazama mafuta, akanionyesha kidole kimoja: abiria mmoja, bila mzigo. Mkewe akabaki nasi, na begi lake likabaki. Siku kumi na moja lilipanda na kushuka juu ya yaki mweusi mwenye pembe moja iliyovunjika, na mkewe kila jioni analifungua, anachukua soksi zake za sufi, anazivaa.