Sisimizi hawahesabu mifuko ya sukari

Dhana: Algoriti (hatua za hesabu ambazo kompyuta hufuata kutafuta jibu) zinazoiga viumbe zina akili fulani ya kiumbe ndani yake.

Ukweli: Ndani kuna namba tupu. Chukua ile ya kijenetiki, inayoiga jinsi viumbe wanavyorithishana sifa, aliyoieleza John Holland wa Marekani mwaka 1975. Mpango wa kuagiza mzigo wa duka la jumla ni safu ya namba: sukari mifuko 80, mchele 40, unga 60. Mpango mwingine ni 50, 70, 30. Wakikutanishwa hao wawili, "mtoto" anaweza kutoka na 80, 70, 30. Kompyuta inampigia gharama: nauli ya lori, hela iliyolala stoo, wateja walioondoka mikono mitupu. Akiwa ghali anaachwa. Akiwa nafuu anabaki azae. Mara mojamoja namba moja hubadilishwa kwa kubahatisha, mipango yote isije ikafanana. Kisha inarudiwa, mara mia, mara elfu.

Dhana: Bila algoriti hizi huwezi kujua uagize kiasi gani.

Ukweli: Kwa bidhaa moja yenye mauzo yasiyoyumba, kanuni ya Ford Harris ya mwaka 1913, ya kukokotoa kiasi cha kuagiza kwa gharama ndogo zaidi, inatosha. Tuseme unauza mifuko 1,200 kwa mwaka, kila agizo linakula shilingi 30,000, na kuhifadhi mfuko mmoja mwaka mzima ni shilingi 1,800. Zidisha 2 kwa 1,200 kwa 30,000, gawa kwa 1,800, tafuta kipeuo cha pili: mifuko 200, mara sita kwa mwaka. Simu yako inaiweza hesabu hiyo.

Kazi inaanza bidhaa zikiwa 40, zinagombea lori moja na stoo moja. Kila moja ikiwa na viwango 10 tu vya kuchagua, mipango inafika 1 yenye sufuri 40. Hakuna kompyuta ya kuijaribu yote.

Dhana: Jibu linalotoka ndilo bora kabisa.

Ukweli: Ni zuri, basi. Endesha mara mbili, huenda ukapata mipango miwili tofauti.

Dhana: Algoriti ya mnyama mpya ni bora kuliko ya mnyama wa zamani.

Ukweli: Baada ya sisimizi wa Marco Dorigo (1992), yaani algoriti inayoiga sisimizi wanavyotafuta njia, wamekuja nyuki, popo, mbwamwitu, hadi nyangumi. Mwaka 1997 watafiti Wolpert na Macready walithibitisha kwamba ukijumlisha matatizo yote yanayowezekana, hakuna algoriti inayoishinda nyingine. Mengi ya majina hayo, kwangu, ni chumvi tu.

Dhana: Algoriti itarekebisha hesabu mbovu.

Ukweli: Daftari likisema kuna madumu 50 ya mafuta na 12 yameshavuja, itaagiza kana kwamba yote 50 yapo.