Mkanda mweusi si cheti cha kuhitimu

Wazazi wengi hapa Mtwara, wakimleta mtoto karate, huuliza kwanza: "Mwalimu, mkanda mweusi ataupata lini?" Wanadhani hapo ndipo anamaliza, na kwamba bila mkanda mpya kila mara mtoto atakata tamaa. Sivyo. Daraja la kwanza la mkanda huo huitwa shodani, yaani daraja la kuanzia. Wala mkanda wenyewe si wa kale: Mjapani Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, aliuanzisha kwenye mchezo wake huo miaka ya 1880, karate ikauiga baadaye. Anayekimbilia rangi tu huacha akishaipata (nimewaona Shangani, si mmoja). Kinachomrudisha mtoto kesho ni kuambiwa jambo mahususi: "Leo mguu wa nyuma umetulia, juzi ulikuwa unayumba." "Safi sana" tupu haimwelezi alichopatia.