Kijiko kimoja cha maji: kulinganisha wiski za kimea ukiwa nyumbani

Baba mdogo wangu wa Kibosho hajawahi kununua wiski maishani mwake. Jumapili moja alipita kwangu Moshi mjini akanikuta na glasi tatu mezani. Nikamwamkia, nikamsogezea kiti na glasi ya kwanza, nikamwomba anuse tu, asinywe. Akanusa, akatulia, akanusa tena. "Mwanangu, humu wametia ndizi."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Ile ilikuwa Glenfiddich, wiski ya Uskoti, ya miaka 12, na harufu ya ndizi mbivu imo kweli. Hakuna aliyetia ndizi. Hamira inapogeuza sukari kuwa kilevi huzalisha pia viungo vidogo vya harufu, na kimojawapo, isoamili asetati, ndicho kile kile kinachonukia kwenye ndizi ikiiva. Mzee aliyekaa karibu na mapipa ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tangu ujana wake alikipata kwa pumzi mbili. Vijana ninaowafundisha kazi ya baa hapa na Arusha wengine huchukua wiki.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema wiski za aina hii si za watu wa huku. Chupani zimeandikwa single malt. Mimi naziita wiski za kimea, kwa sababu neno tunalo na kitu chenyewe tunakijua. Mama zetu huloweka ulezi, wakauacha uchipue, wakauanika, wakausaga kwa ajili ya mbege. Mskoti hufanya hivyo hivyo kwa shayiri, na shayiri yenyewe hulimwa hapo tu Kilimanjaro Magharibi kwa ajili ya bia. Punje ikichipua huamsha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Bila sukari hamira haina cha kula.

Hilo neno la kwanza, single, huwapotosha wengi. Si pipa moja wala shamba moja. Maana yake ni kiwanda kimoja. Kanuni za Uskoti za mwaka 2009 zinataka shayiri iliyochipushwa peke yake, maji na hamira, ikenekwe (yaani ichemshwe na mvuke wake upoozwe) kwenye mitungi katika kiwanda kimoja, ilale kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa miaka isiyopungua 3, na iingie chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Namba ya miaka unayoiona kwenye lebo ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo humo, hata kama zimechanganywa na za miaka 20.

Sasa mezani. Kosa ninaloliona sana ni mtu kununua chupa moja ya bei kali, akainywa peke yake, kisha akatangaza kwamba ni nzuri. Nzuri kuliko nini? Pua yetu ni dhaifu sana ikipewa kitu kimoja, lakini ukiipa viwili ubavu kwa ubavu inakuwa hodari ghafla. Changeni watu watatu au wanne, kila mmoja alete chupa yake. Mililita 20 kwa kila glasi zinatosha, na aina tatu kwa jioni moja zinatosha kabisa. Ya nne sijawahi kuona mtu akiieleza vizuri. Wanaoendesha waache magari nyumbani, bajaji zipo.

Glasi iwe ile ndogo ya mvinyo, yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, ili harufu ikusanyike juu. Glasi iliyonyooka ya soda huitawanya yote. Barafu hapana. Najua Moshi ya Februari ilivyo, lakini ubaridi hufunga harufu na kuutia ulimi ganzi, basi utakuwa unalinganisha barafu na barafu. Subiri jua lizame. Na nyama choma ije baadaye. Niliwahi kuandaa jioni nzima nikasahau kwamba jirani anachoma mbuzi upande wa pili wa ua, na wageni wangu wote wakaandika "moshi" kwenye kila glasi, hata ambazo hazina.

Kifaa ninachokithamini kuliko glasi ni bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yake, kutoka duka lolote la dawa. Ni la maji. Wapo wanaoona kutia maji kwenye wiski ya gharama ni dhambi. Mimi naona kutotia ni kupoteza nusu ya ulicholipia. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta namna kiungo kimoja cha harufu ya moshi, gwayakoli, kinavyofanya ndani ya mchanganyiko wa maji na kilevi. Kilevi kikiwa kingi sana, kiungo hicho hujificha ndani ya kimiminika. Ukipunguza kilevi kwa maji, hupanda juu, pale pua yako ilipo.

Hesabu yake ni nyepesi. Mililita 20 za wiski ya asilimia 43, ukiongeza mililita 5 za maji, zinashuka hadi asilimia 34 na kitu. Hapo ukali hautoboi tena pua na mengine yanaanza kujitokeza. Lakini usimimine zote kwa pamoja. Tia mililita moja, zungusha, nusa. Tia nyingine, nusa tena. Utaona wiski moja inafunguka kwenye ya pili, nyingine inalegea na kuwa kama maji ya kuoshea glasi. Tofauti hiyo nayo iandike. Tumia maji ya chupa, kwa sababu ya bomba yakiwa na klorini utainusa klorini. Wiski ikiingia ukungu kidogo ukitia maji, usimtuhumu muuzaji: ni mafuta ya asili ambayo viwanda vingi huyachuja kwa ubaridi, na vingine huyaacha.

Rangi isikudanganye. Sheria inaruhusu rangi ya karameli, kwa hiyo weusi wa chupa si ushahidi wa umri.

Kama mfuko unaruhusu jozi moja tu, chukua Glenmorangie mbili: ile ya kawaida, iliyolala kwenye mapipa yaliyowahi kuhifadhi wiski ya Marekani, na Lasanta, iliyoanza kwenye mapipa hayo hayo kisha ikahamishiwa yaliyokuwa na mvinyo wa sheri wa Hispania. Kiwanda kimoja, mitungi ile ile, kilichobadilika ni pipa. Ya kwanza utasikia vanila na chungwa, ya pili zabibu kavu na kitu kama chokoleti. Sheria ya Marekani inataka bourbon, ndiyo wiski yao hiyo, ilale kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani, ndiyo maana mapipa yake huvuka bahari kwenda Uskoti baada ya kutumika. Tena shingo za mitungi ya Glenmorangie zina urefu wa mita 5.14, sawa na twiga mzima, na twiga wameshamfanya nembo yao. Kwenye shingo ndefu hivyo mvuke mzito huchoka njiani ukarudi chini, unaopita ni mwepesi tu. Macallan wao wanajivunia mitungi midogo, na kinywaji chao hutoka kizito zaidi.

Kisha moshi, katika mji uitwao Moshi. Kwenye kisiwa cha Islay huko Uskoti, ambacho wenyewe hukiita Aila, wamezoea kukausha kimea kwa kuchoma piti, yaani mimea iliyoozea kinamasini kwa maelfu ya miaka, ikakatwa kama matofali na kuanikwa. Moshi huo hushika kwenye punje na hautoki tena. Laphroaig ilianza mwaka 1815, jirani yake Lagavulin 1816, na zote zitakushtua. Siku ile glasi ya tatu ilikuwa Laphroaig. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, alisema ni chumba cha kufungia vidonda. Baba mdogo alisema ni dari la jiko la bibi. Wote wako sawa, maana humo mna viungo vya jamii moja na dawa za kuua vijidudu na moshi wa kuni. Hiyo iwe ya mwisho daima. Ukianza nayo, zinazofuata hutazisikia.

Jaribio gumu kuliko yote ni hili: mtu akumiminie glasi tatu wewe ukiwa nje, mbili wiski moja, ya tatu tofauti, nawe utafute mgeni ni yupi. Nililifanya mbele ya wanafunzi wangu kwa kujiamini, kwa zile Glenmorangie mbili ninazowasifia, nikakosea. Nilikuwa na mafua kidogo, lakini hawakutaka kusikia habari za mafua.

Chupa iliyobaki isimame wima, kilevi kisile kizibo, na iwekwe mbali na jua. Ikifika robo, hewa iliyomo huanza kuichosha; ihamishie kwenye chupa ndogo. Na unaponunua, angalia stempu ya TRA, mamlaka ya kodi, na kizibo kabla hujatoa hela. Mimi duka moja liliniuzia lebo iliyokuwa bado ina gundi mbichi.

Jioni ile baba mdogo alipoaga nilimwuliza nimfungie ipi aende nayo. Akasema wiski nibaki nazo, yeye anataka lile bomba la sindano. Mbege ya jirani yake imezidi msesewe, lile gome chungu linalotiwa humo, anataka kujua ni maji kiasi gani yataiokoa.