Jaji wa jimbo kakunyima mtoto: kwa nini mahakama ya shirikisho si pa kukimbilia

"Wakili, jaji kampa mtalaka wangu mtoto, mimi hakunisikiliza hata kidogo. Siwezi kwenda shirikisho?" Wazazi wenzetu waliohamia huku Marekani huniuliza hivyo kila mara, na wengine huja wakiwa wameshalipa dola 405 za kufungua kesi.

Wazo hilo lina chanzo. Kifungu namba 1983 cha sheria za shirikisho (hiyo ni namba, si mwaka), kilichozaliwa na sheria ya mwaka 1871 dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, kinamruhusu mtu kumshtaki afisa wa jimbo aliyevunja haki zake za kikatiba. Na kulea mwanao ni haki ya msingi. Mahakama ya Juu ya Marekani ililirudia hilo mwaka 2000 katika Troxel dhidi ya Granville. Tena sisi tuliokulia Kenya au Tanzania tumezoea Mahakama Kuu inayosimamia mahakama za chini yake, hivyo tukisikia "shirikisho" tunadhani ni ngazi ya juu ya ile tuliyotoka.

Sivyo. Ukishindwa mahakama ya familia unapanda mahakama za rufaa za jimbo lenyewe, na baada ya hapo, kwa suala la Katiba, ni Mahakama ya Juu ya Marekani peke yake. Mahakama ya kwanza ya shirikisho, ile ya mjini kwenu, haina mamlaka ya kupitia hukumu ya jimbo. Kanuni hiyo inaitwa Rooker-Feldman, kwa majina ya kesi mbili, ya 1923 na ya 1983. Ukitangulia kwenda huko shauri la jimbo likiwa bado linaendelea, unakumbana na kanuni ya kesi ya Younger ya mwaka 1971: jaji wa shirikisho huwa anajizuia kuliingilia.

Kumshtaki jaji mwenyewe ndiko kubaya zaidi. Indiana, mwaka 1971, mama mmoja alimpelekea jaji ombi kwamba bintiye wa miaka 15 afungwe kizazi. Jaji akasaini siku hiyo hiyo. Hapakuwa na faili lililofunguliwa, wala wakili wa binti, na binti mwenyewe aliambiwa anakwenda kutolewa kidole tumbo. Aliujua ukweli baada ya kuolewa, alipokuwa akitafuta mimba bila kuipata. Mwaka 1978, katika Stump dhidi ya Sparkman, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 3 kwamba jaji yule ana kinga, hadaiwi fidia. Naiona ni hukumu ya aibu, lakini bado ni sheria. Sasa wako aliyekukata kauli tu, utamfanya nini?

Kuna upenyo. Afisa wa ustawi wa jamii aliyetunga uongo kwenye hati ya kiapo anaweza kushtakiwa. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ya shirikisho kwa majimbo ya magharibi, ilisema hivyo mwaka 2008 katika Beltran dhidi ya kaunti ya Santa Clara. Hapo unadai fidia kwa uongo wake. Huombi hukumu ya malezi ifutwe, na ukiiomba unarudi palepale kwenye Rooker-Feldman.

Kwa hiyo pesa na nguvu ziweke kwenye rufaa ya jimbo. Majimbo mengi yanatoa siku 30 au 60 tu, na nimeona watu wakizimaliza wakiandika kesi ya shirikisho. Hoja ya Katiba itaje mapema, mbele ya jaji wa familia, iingie kwenye kumbukumbu za shauri. Usipoitaja pale, rufaani utaambiwa umechelewa.

Njia hiyo inafanya kazi. Florida ilimnyima mama mzungu malezi ya bintiye kwa sababu aliishi na mwanamume mweusi, kisha akaolewa naye. Mama alikata rufaa jimboni, akashindwa, akapanda hadi Mahakama ya Juu kule Washington, na mwaka 1984, katika Palmore dhidi ya Sidoti, majaji wote walitengua hukumu ile. Lakini rufaa ikiwa inaendelea baba alishahamia Texas na mtoto, na mama hakurudishiwa binti yake. Ndiyo maana ninapokata rufaa ya malezi, naambatanisha ombi la kusimamisha utekelezaji wa amri, na la kumzuia mzazi mwenzako asimtoe mtoto nje ya jimbo mpaka rufaa iishe.