Wasiwasi wa udhu: hospitali au kwa sheikh?

Mdogo wangu anatawadha nusu saa, akimaliza anaanza upya. Ni shetani au ni ugonjwa?

Ukiamini wasiwasi chanzo chake ni shetani, daktari hana haja ya kubishana nawe. Yeye anaangalia kwamba shaka inajirudia bila mtu kupenda, mikono imechubuka, na kila siku swala ya jamaa inampita. Hali hiyo inatibika, hasa kwa tiba ya fikra na tabia, yaani mazungumzo na mazoezi pamoja na mtaalamu.

Tiba ya fikra na tabia inafanya nini hasa?

Linamjia wazo: sikio halikupata maji. Hofu inapanda. Akiosha tena inashuka, na mtego uko hapo hapo, kwa sababu akili inazoea kwamba nafuu iko bombani. Mtaalamu humsaidia kuukata mzunguko huo kidogo kidogo: kopo moja la maji, kila kiungo kisizidi mara tatu, kisha moja kwa moja kwenye mswala, shaka ikiwa bado ipo. Siku za mwanzo ni ngumu kwelikweli. Lakini hofu isipotiliwa maji huanza kupoa, au mtu anaona kumbe anaweza kuswali nayo. Kwa kawaida ni vikao 12 hadi 20, na mazoezi ya nyumbani kila siku. Asiyefanya mazoezi anapoteza nauli.

Sheikh anaingia wapi?

Pakubwa. Mwanasaikolojia hana mamlaka ya kusema udhu umesihi. Sheikh anayo, na kanuni ya fiqhi iko wazi: yakini haiondolewi na shaka. Tena jambo hili si geni kwetu. Mwanachuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kuhusu kuzikabili fikra zinazomsumbua mtu kwa fikra nyingine. Basi sheikh na mtaalamu waonane mapema, wawe na kauli moja.

Ila sheikh ajibu mara moja tu. Mwenye wasiwasi huleta swali lilelile kwa sura mpya: baada ya Alfajiri anapiga simu, Adhuhuri anatuma ujumbe. Kila jibu humtuliza dakika chache, sawasawa na kuosha tena. Simu ya pili ijibiwe, "Nilishakwambia, nenda kaswali."

Na ruqya, kombe, mitishamba?

Dua na adhkari kwa nyakati zake, vizuri kabisa. Ruqya, yaani kisomo cha kumponya mgonjwa, ikisomwa kila shaka inapochomoza, nayo inakuwa sehemu ya wasiwasi. Kombe, yaani aya zinazoandikwa kwenye sahani zikaoshwa na maji yake yakanywewa, liandikwe kwa zafarani, si kwa wino wa kalamu. Mitishamba, mwambieni daktari kabla ya kuichanganya na vidonge. Mganga anayemtaja jirani kuwa ndiye mrogaji, mkimbieni: anamwongezea mgonjwa kitu cha kuogopa.

Twende lini?

Shaka ikimla zaidi ya saa moja kwa siku, au ikimkosesha shule au kazi. Hospitali kama Kidongo Chekundu Unguja, Muhimbili Dar es Salaam na Mathari Nairobi zina huduma ya afya ya akili. Akitamka kutaka kujidhuru, msingoje miadi. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.