Majipu hayaletwi na maembe

Msimu wa maembe ukiingia Malindi, watoto hutoka majipu, na wengi husema ni joto la embe au damu chafu inajisafisha. Ni kweli maembe na majipu huja pamoja, lakini usaha ule kwa kawaida ni kazi ya bakteria aitwaye stafilokokasi. Takriban watu 3 kati ya 10 wanaye puani bila kuumwa. Huingia penye mchubuko au kwenye shina la unywele, hasa jua la kaskazi, jasho likijaa na nguo zikisugua mapaja. (Utomvu wa embe nao huwasha, ukijikuna, umemfungulia mlango.)

Husambaa kwa mikono, taulo, leso na wembe wa kushirikiana. Chunguza nyumbani kwako: wametoka majipu wote waliokula embe, au waliojifutia taulo moja?

Usiliminye jipu, usaha utazama ndani. Likande kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku, kisha lifunike na unawe mikono kwa sabuni. Zungushia uvimbe mstari wa kalamu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hivyo papasa ugumu na joto. Uvimbe ukivuka mstari, homa ikipanda, jipu likiwa usoni au mgonjwa akiwa na kisukari, nenda hospitali.